Unga wa Mtakatifu Nikola

Anestis hakuwa na boti. Hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, wala hakuwa na vidole viwili vya mkono wa kushoto, ambavyo vilibaki chini ya jiwe la marumaru kule machimboni Naxos. Hakuwa na dirisha la kutazama bahari. Chumba chake nyuma ya jiko la dada yake kilitazamana na banda la kuku. Hakuwa na kura katika chama cha wenye maboti, hakuwa na kiti chake mkahawani, na hakuwa na cheti chochote isipokuwa kile cha shule ya jioni, alichokipata akiwa na miaka arobaini na mbili, darasani pamoja na vijana waliomwita babu. Lakini alichokikosa zaidi kiangazi kile ni mtu wa kumsikiliza.

Alikuwa amechimba marumaru miaka thelathini na mmoja. Aliporudi kisiwani, mpwa wake Fotis, mtoto wa dada yake Kalliopi, alimchukua kwenye boti lake la kutembeza wageni. Anestis alifunga na kufungua kamba, alichoma mishikaki, alikata tikiti maji, na aliwashika mkono akina mama wazito waliposhuka ngazi. Boti liliondoka gatini saa nne asubuhi. Kwanza wageni walipelekwa ufuko mweupe wakaogelee, kisha ghuba ya misonobari wakale, na saa saba walipelekwa kwenye pango la bahari, jua lilipokuwa likiingia mlangoni mwake. Bila pango hakuna aliyekata tiketi. Fukwe ziko kila kisiwa.

Desturi ya pango ilikuwa ya kale kuliko maboti ya injini. Nahodha akishaingia huzima injini, watu hunyamaza, naye hupiga honi mara tatu kumwamkia Mtakatifu Nikola, mlinzi wa mabaharia. Mababu zao walipuliza kombe la bahari. Wao walikuwa na honi. Sauti huzunguka kuta mpaka kifua kinatetemeka, na baada yake, kutoka darini, hudondoka unga mweupe, laini, ukatua juu ya maji na mabegani mwa watu. Huo ndio waliouita unga wa mtakatifu. Bibi harusi alitiliwa chembe yake kiatuni. Mama wa baharia aliuchanganya na unga wa mkate wa Krismasi. Wageni walifundishwa kujipaka unga huo kwenye paji la uso, wakapigana picha wakicheka. Unga ukianguka kwa wingi, mtakatifu ameridhika.

Mwaka ule ulianguka kuliko miaka yote, na kisiwa kizima kikafurahi.

Anestis hakufurahi. Mwezi wa sita unga ulikuwa wa kubana kwa vidole. Mwezi wa saba wageni walilazimika kufuta miwani. Katikati ya mwezi wa nane yeye mwenyewe aliufagia sitahani kwa ufagio. Halafu njiwa wa mwamba, waliokuwa wakizaa darini tangu alipokuwa mtoto, hawakuonekana tena. Mashimo yao yalibaki wazi kama macho yasiyo na mboni. Kule machimboni, jiwe likitoa unga bila kuguswa, watu hawaulizani. Huacha nyundo pale pale wakakimbia.

Jumatatu, wageni walipokuwa wakipiga picha juu ya jiwe bapa lililoko ndani ya pango, Anestis aliupata ufa. Ulitoka majini, ukapanda ukutani, ukapotea darini. Usiku alivunja kioo cha fremu ya picha ya ubatizo wake, akachukua kipande chembamba, na Jumanne akakibandika kwa plasta, upande huu na upande ule wa ufa, kama walivyofanya Naxos. Kioo hakivutiki wala hakipindi. Jiwe likisogea upana wa unywele, kioo kinakatika.

Jumatano alikikuta kimekatika katikati.

"Fotis," alisema walipokuwa wakirudi, "dari linashuka."

"Mjomba, umeanza."

"Kioo kimevunjika."

"Mgeni amekikanyaga."

"Kiko juu ya kichwa changu. Mgeni gani ana miguu ya kutembea ukutani?"

Fotis alicheka, lakini mikono yake ilikaza usukani. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, shingo nyekundu kwa jua, na boti ambalo mama yake alikuwa ameuza mizeituni yote ili lipatikane. "Wiki tatu tu zimebaki, Mjomba. Msimu uishe, tutakwenda na taa tutazame vizuri, mimi na wewe."

"Na Jumapili?"

Fotis aliongeza mwendo. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane ilikuwa Siku ya Maboti Yote. Maboti tisa huingia pangoni kwa pamoja, yamejaa wageni na wenyeji, padri yuko kwenye boti la mbele, na honi tisa hupigwa kwa mpigo mmoja. Watu mia tatu chini ya dari lile.

Anestis alikwenda mkahawani kwa Kapteni Zaharias, mwenyekiti wa chama. Zaharias alikuwa mzee mnene mwenye sharubu nyeupe zilizochanwa. Alimsikiliza huku akizungusha shanga zake za mkononi, na wenzake wanne mezani waliacha karata.

"Kwa hiyo mtakatifu anatutupia mawe," Zaharias alisema.

"Sikusema mtakatifu. Nimesema jiwe. Hizo honi zinalitikisa."

"Honi! Baba yangu alipiga, babu yangu alipuliza."

"Babu yako alipuliza kombe, Kapteni. Wewe umefunga honi ya lori."

Mmoja wa mezani aliguna kwa kicheko, akajizuia. Zaharias alimtazama Anestis kuanzia viatu hadi kofia. "Umepasua mawe miaka thelathini, bwana mkubwa, na hata kibanda cha mawe hukujijengea. Leo unakuja kutusomesha mawe yetu? Kaa, unywe glasi ya uzo, uache kututilia mchanga kwenye chakula."

"Sitaki uzo. Nataka Jumapili msiingie."

"Basi nikwambie na mimi ninachotaka." Zaharias aliweka shanga mezani. "Neno hili likifika kwenye hoteli, wageni watakwenda kisiwa kingine. Na boti la mpwa wako halitapata pa kufunga kamba gati hii. Nenda ukamwambie dada yako hivyo, uone kama atakupikia."

Anestis alitoka. Nyuma yake karata zilianza kugongwa tena mezani, kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo.

Alhamisi bahari ilitulia kama mafuta. Fotis aliingia pangoni akazima injini. Alimtazama mjomba wake, kisha akatazama wageni thelathini na wawili waliokuwa tayari wameinua kamera, akapiga honi. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Ya tatu haikuisha. Kitu kililia juu, sauti kavu, fupi, kama mtu anayevunja mkate uliolala. Jiwe lenye ukubwa wa kichwa cha mbuzi likaanguka majini, hatua mbili kutoka kwa mwanamke aliyekuwa ameshashuka majini, akiogelea na binti yake mgongoni. Maji yakaruka yakawalowesha watu wote.

Wageni wakapiga makofi.

Walipiga makofi, wakapiga miluzi, na mzee mmoja Mjerumani akaomba kwa ishara kwamba jambo hilo lirudiwe. Binti yule alikuwa akicheka mgongoni mwa mama yake, uso wote mweupe kwa unga.

"Pandeni," Anestis alisema. "Wote. Sasa hivi." Alimvuta mwanamke yule ngazini kwa nguvu mpaka akamlalamikia. Fotis aliwasha injini, na mpaka wanafika gatini midomo yake ilikuwa ya rangi ya unga ule ule.

Ofisi ya bandari ya hapo kisiwani ilikuwa na askari mmoja, na Zaharias ndiye aliyemsimamia mtoto wa askari huyo ubatizoni. Anestis hakupoteza muda huko. Alikwenda kwenye simu ya kioski akaipigia ofisi kuu ya bandari, kwenye kisiwa kikubwa. Sauti ya mwanamume ilimsikiliza nusu.

"Malalamiko huletwa kwa maandishi, mzee. Jina, saini, jina la chombo, na sababu."

"Nikiandika, mtakuja kabla ya Jumapili?"

"Ikifika tutaisoma."

Aliandika kwenye meza ya jikoni, jua likiwa bado juu ya ukuta wa banda la kuku. Aliandika kwa herufi zilizosimama wima, kama mwalimu wa jioni alivyomfundisha, na kila sentensi ilianza na kilichotokea, si na alichofikiri. Unga, kwa miezi. Njiwa. Kioo, na siku kilipokatika. Jiwe, na umbali wake kutoka kwa mtoto.

Kalliopi alikuwa akitoa mbegu za pilipili hoho. "Unamwandikia nani?"

"Bandari kuu."

Kisu chake kilisimama. "Anestis. Mtoto wangu hana kingine."

"Najua."

"Niliuza mizeituni ya mama yetu. Wewe uliweka saini yako pale."

"Niliweka. Na Jumapili wewe utakaa wapi, Kalliopi? Si utakaa mbele kabisa, karibu na padri, umevaa lile gauni lako la buluu?"

Dada yake alirudia kutoa mbegu, polepole, na baadaye Anestis alimwona amezitia mbegu sufuriani na kutupa pilipili.

Ijumaa meli ya abiria iliingia saa tatu asubuhi. Ingefika kisiwa kikubwa alasiri. Anestis alisimama gatini, mbele ya mlango wa nyuma wa meli, akiwa na bahasha mkononi, haijafungwa, kwa sababu alimwona Fotis akija mbio gatini.

"Mama ameniambia." Fotis alikuwa akihema. "Umeandika boti langu?"

"Nimeandika la kwanza, kabla ya la Zaharias. Na chini yake nimeandika jina langu, kwamba ni mimi niliyekuwa nikiwapandisha watu juu ya lile jiwe bapa."

"Watanifungia, Mjomba."

"Watakufungia."

"Na kama umekosea? Kama lile jiwe lilikuwa moja tu, limeshaanguka, limekwisha?"

"Nikikosea, watanicheka mpaka wanizike. Hata wewe utacheka."

Fotis aligeuka. Kwenye boti lake wageni walikuwa tayari wamepanga foleni na kofia zao za majani na mataulo, na boti la Zaharias lilikuwa limeshatoka gatini, limejaa, bendera zikipepea. Alipopita karibu na meli, Zaharias alipiga honi kumsalimu nahodha wake. Madirisha ya meli yakatetemeka.

"Nisomee pale ulipoandika juu ya mtoto," Fotis alisema.

Anestis alifungua karatasi akamsomea. Ilikuwa mistari miwili. Fotis alisikiliza akitazama chini, kwenye maji machafu kati ya meli na gati.

"Hatua mbili," alisema. "Haikuwa mbili, Mjomba. Mimi nilikuwa juu, niliona vizuri. Ilikuwa moja."

Anestis alitoa kalamu mfukoni, akaweka karatasi juu ya goti lake, akafuta neno moja na kuandika jingine juu yake, na pembeni akatia saini ndogo, kama inavyotakiwa mtu anapobadilisha neno. Fotis aliichukua kalamu. Bila kuombwa, aliandika jina lake chini ya jina la mjomba wake.

Mbali, nyuma ya rasi, boti la Zaharias lilipiga honi tena.

Karani wa meli alikuwa akipiga kelele mlango ufungwe. Anestis alikunja karatasi mara tatu, akaitia ndani ya bahasha, akalamba ukingo wake wenye ladha chungu ya gundi, akaukandamiza kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe. Kisha akanyoosha mkono wenye bahasha juu ya pengo la maji, na karani akaipokea.