Mama Geuza

Mama mkwe alizikwa Jumatano, na Ijumaa mchana akaita.

"Mwanangu, nigeuze."

Mkwewe, mke wa mwanawe, alikuwa jikoni anamenya viazi. Akaacha kisu, akajifuta mikono, akaenda chumbani mbio kama alivyozoea tangu mama mkwe apigwe na kiharusi. Alikuwa ameshainama ashike shuka ndipo alipoona kitanda hakina hata godoro. Walikuwa wameshalitoa nje kulianika.

Mumewe, fundi wa friji, aliporudi kutoka kazini, akamsimulia. Mume akaweka kijiko chini.

"Amekuita wewe?"

"Mimi."

"Mimi ndiye niliyetoka tumboni mwake," alisema taratibu, "na sijasikia hata kikohozi."

Kila mchana, saa ileile ya kumgeuza, sauti ilirudi. Mkwe alifungulia redio, ikapenya. Akaenda kulala kwa dada yake, ikamfuata huko. Wala haikutisha, na hilo ndilo lililomuumiza: ilikuwa sauti ya mtu anayeona haya kusumbua. Mikono nayo ilikosa raha. Akijinyoosha kidogo kupumzika, alizinduka na kujikuta anakunja pindo la blanketi, tayari kumvuta mtu ambaye hayupo.

Jirani yao alikuwa muuguzi wa hospitali ya serikali, mwanamke wa sauti kubwa ambaye wagonjwa walimwita Sista Spika. Alipoelezwa, hakucheka.

"Wodini kwangu kuna watu hawana ndugu," alisema. "Wanalalia ubavu mmoja mpaka ngozi inachubuka, kidonda kinafika mfupani. Nina mikono miwili tu, shoga yangu. Kama unaitwa mahali hapana mtu, njoo uitwe palipo na mtu."

Akaenda. Wodi ilinuka dawa ya kudeki na mikojo. Alianza na waliokuwa karibu na mlango: mkono mmoja begani, mwingine kiunoni, mto katikati ya magoti, mafuta kidogo visiginoni. Baada ya muda mfupi wakampachika jina, Mama Geuza, na wenye nguvu za kutania wakaulizana kama hao waliogeuzwa wameshaiva upande wa pili.

Kwenye kitanda cha mwisho alilala mwanamke aliyeokotwa barabarani, nyonga imevunjika, uso ukutani. Hakuwahi kumwambia mtu neno. Siku Mama Geuza alipomgusa, alifoka:

"Niache! Nani kakutuma?"

"Mama mkwe."

"Yuko wapi?"

"Amefariki."

Mwanamke akageuza shingo, akamtazama. "Basi mwambie mikono yako ya baridi," akasema, na akakubali kugeuzwa kuelekea dirishani.

Tangu hapo alimngoja, ingawa akimwona hujidai hamwoni. Nyumbani sauti ilizidi kufifia, na Mama Geuza akajikuta anatega sikio aisikie.

Jumapili moja alibaki nyumbani kufua. Mchana ukafika, naye yuko uani, mikono imejaa povu.

"Nigeuze."

Akaiachia nguo ndani ya beseni. Haikuwa sauti ya mama mkwe. Ilikuwa kavu, ya kufoka, na ilikuwa inakata pumzi.

Hakuvua hata khanga iliyolowa. Mumewe alimwona akitoka mbio, akamfuata bila kuuliza mpaka hospitalini, barabara ya pili tu. Wodini walikuta wauguzi wote wamejazana kwa mgonjwa mwingine aliyezidiwa. Mwanamke wa kitanda cha mwisho alikuwa ameteleza, amebanwa kati ya chuma cha kitanda na ukuta, kichwa chini, midomo imegeuka rangi.

"Shika miguu!" Mama Geuza alimwamuru mumewe. Wakamtoa, wakamlaza ubavu, akamsugua mgongo mpaka akavuta pumzi ya kwanza iliyosikika wodi nzima.

"Niliita," mwanamke alinong'ona alipoweza.

"Nilisikia."

"Sikuwa na sauti. Niliita moyoni."

Mama Geuza akatazama dirisha. Wote wawili hawakulizungumza tena.

Mwanamke aliishi mpaka mvua zilipoanza, kisha mapafu yakamshinda. Alifia mikononi mwa Mama Geuza, asubuhi, ametazama nje. Nyumba haikuwa kimya tena baada ya hapo. Mchana huita mmoja wa marehemu hao, mara nyingine wote wawili, na Mama Geuza huitikia tu, "Abee, nakuja," akachukua mkoba wake akaenda.

Mumewe siku hizi huacha karakana mapema akaenda upande wa wanaume. Huwageuza, huwanyoa ndevu, huwakata kucha. Hasikii kitu bado. Juzi mzee mmoja aliyesahau hata jina lake alimshika kifundo cha mkono, akamwita, "Mwanangu." Fundi hakumsahihisha. Akavuta kiti, akakaa, akaacha mkono wake pale mpaka mzee akalala.