Daftari Lisilofutika

"Kikishaandikwa humu, hakifutiki," mkufunzi alikuwa akisema Wambeti alipousukuma mlango kwa nyonga, mikono yote miwili ikiwa imeshika birika la chai. "Si chifu, si wakili, wala tajiri atakayekibadilisha. Hiyo ndiyo blokcheni. Daftari moja, nakala zake kwenye maelfu ya kompyuta."

Wambeti alitua birika, akaanza kupanga vikombe. Mwaka wake wa tisa huo akiwapikia wageni wa chuo kikuu hapa Embu, na semina amezisikia nyingi: za mbolea, za ukimwi, za kuku. Hakuna iliyowahi kumsimamisha. Hii ilimsimamisha, kikombe mkononi.

Mchana wanafunzi wakaambiwa wamtafute mtu mwenye shida halisi, wabuni kampuni ya kuitatua. Kananu, binti wa kutoka Nkubu, alimfuata mpaka kwenye sinki.

"Mama, wewe shida yako ni gani?"

Wambeti alicheka kwanza. Halafu akasimulia, mikono ikiwa ndani ya povu. Shamba la marehemu mumewe kule Kiambere, alikolima ndengu na mtama miaka ishirini. Wapima ardhi walipita wiki ile aliyokuwa hospitalini akimuuguza mume. Aliporudi na maiti, alikuta shemeji yake Misheck ameshawaonyesha mipaka, na ndiye aliyeandikwa mwenye shamba. Miaka sita sasa amekata rufaa. Kila akienda ofisi ya ardhi, karani humwambia arudi Jumatatu.

"Hii kitu itakusaidia, Mama. Haki ya Mungu," Kananu alisema, macho yakiwa yamelowa.

Siku mbili zilizofuata Wambeti alipika chai kama mtu aliyepewa habari njema na kuombwa asiitangaze. Mara moja alijikuta akihesabu ni madebe mangapi ya mbegu atahitaji mvua ya Oktoba ikianza.

Ijumaa, siku ya mwisho, picha yake ilitokea ukutani, kubwa kuliko mlango, amevaa aproni. Kananu alieleza vizuri, akiishusha sauti alipofika kwenye habari ya maiti. Ukumbi ulipiga makofi. Majaji wakampa Kananu na wenzake nafasi ya kwanza. Wangeenda Nairobi kushindana na vyuo vingine.

"Na ndiye huyu hapa!" mkufunzi alisema alipomwona karibu na mlango. "Mama, sema neno."

Wambeti alijifuta mikono. "Mimi nina swali tu. Hilo daftari lenu mtaanza kuliandika na nini?"

"Swali zuri sana. Tunachukua rejista ya ardhi vile ilivyo, tunaihamishia humo."

"Vile ilivyo."

"Ndiyo, Mama."

"Na pale pangu pameandikwa Misheck."

Mkufunzi aliitazama ile picha ukutani. "Basi ingebidi korti irekebishe kwanza," alisema kwa sauti ya chini. "Kabla hatujaingiza. Kwa sababu tukishaingiza..."

Wambeti alimwitikia kwa kichwa, kwa adabu, jinsi alivyozoea kumwitikia karani, akaokota trei na kutoka.

Kananu alimpata nyuma ya jikoni, ameketi kwenye gogo.

"Pole, Mama. Sikuwa nimefikiria huko."

"Si makosa yako, mwanangu."

"Kuna..." Alitoa karatasi kwenye begi, asimtazame. "Kuna hii fomu. Ya kuturuhusu kutumia picha yako na hadithi yako. Watu wa Nairobi wanaitaka leo."

Wambeti aliipokea. Angeweza kukataa, lakini hakuona kukataa huko kungemrudishia nini.

"Naandika wapi?"

"Hapo kwenye nukta. Majina yote matatu."

Aliilaza juu ya kreti tupu la soda, akainama, akaandika polepole, akikandamiza kalamu, kwa herufi kubwa za shule ya msingi. Majina yalipita zile nukta, yakafika ukingoni mwa karatasi, na herufi ya mwisho ikaishia kwenye plastiki ya kreti.