Magoti ya Farasi Madaha

Ulikuwa dirishani. Usinikodolee macho sasa. Ulikuwa dirishani, pazia umelivuta kidogo kwa vidole viwili, kama mtu anayeingiza hewa. Ulimwona farasi mzee akisukumwa kwa mtutu wa bunduki kutoka lango la nyuma la ikulu, anachechemea, kipande cha utepe wa dhahabu bado kinaning'inia mkiani. Ukaona, ukakohoa, ukarudi kwenye chai yako. Basi kaa nikusimulie ulichokiona, maana watu wa nchi hii wanasahau kwa bidii zaidi kuliko wanavyolima.

Ufalme wa Utulivu haukuwa na kelele isipokuwa za serikali. Kila sherehe, ngoma kuu ikilia, farasi wa gwaride aitwaye Madaha alitoka mbele ya Mfalme, manyoya ya shingo yamesukwa kama nywele za bibi harusi, akanyanyua kwato kwa mikogo, kisha akapiga magoti. Na umma wote ukapiga magoti. Wazee wetu hawakuwa hivyo. Mimi nakumbuka, hata kama wewe umeamua kutokumbuka: walimpa Mfalme wa zamani mkono, wakamuuliza hali ya mkewe. Magoti yalianza siku Madaha alipoinama kwa mara ya kwanza. Waziri wa Nderemo alibubujikwa na machozi, akatunga sheria papo hapo: "Farasi Madaha akipiga magoti, raia wote watapiga magoti." Mnyama anamheshimu Mfalme, wewe nani?

Hakuna aliyeuliza mnyama alikuwa anatafuta nini kule chini. Alikuwa anatafuta sukari guru. Mtunza farasi aliificha kando ya kiatu cha Mfalme. Kizazi kizima kikachubuka magoti kwa sababu farasi anapenda vitamu.

Kisha Madaha akazeeka, jambo ambalo sheria haikulitaja. Viungo vikavimba kama maboga. Siku ya Sherehe ya Kiti cha Enzi, mbele ya mabalozi, ngoma ikalia. Madaha akaitazama sukari guru, akayatazama magoti yake, akaona biashara hiyo hailipi. Akatanua miguu ya nyuma, akakojoa. Alikojoa taratibu, bila haraka, kama mstaafu, na mkojo ukatambaa juu ya zulia mpaka ukavifikia viatu vya Mfalme.

"Achinjwe!" alifoka Mfalme barazani, akiwa peku.

"Mtukufu, mabalozi hawajaondoka," alisema Waziri wa Heshima. "Tuseme amestaafu. Tuseme tumempa makazi ya upendo kwa uzee wake."

"Makazi hayo yako wapi?"

"Kwenye tangazo, Mtukufu."

Tangazo likasomwa kwa tarumbeta. Ulipiga makofi, nilikusikia. Kesho yake ndipo lango la nyuma lilipofunguliwa.

Aliyemwokota ni Mama Togwa, yule anayeuza togwa nyuma ya soko. Alimkuta anatafuna kamba yake ya kuanikia nguo. Akamfungua mdomo, akaona meno yamekwisha, nyasi kavu haziwezi tena. Akamchanganyia machicha ya togwa na maji ya uvuguvugu, akaketi kumkanda magoti kwa mafuta ya mbarika.

"Kula, babu," alimwambia. "Hapa huna wa kumpigia magoti."

Jirani yake, Fundi Viatu, akachungulia juu ya ua. "Mama Togwa, huyo atakusaidia nini? Habebi, halimi."

"Na wewe unabeba nini, Fundi? Mbona mkeo hajakutoa nje?"

Fundi akacheka mpaka akashika ua. Jioni alirudi na vipande vya ngozi laini, akamfunga Madaha yale magoti yasipigwe na baridi.

Wangeachwa hivyo, leo nisingekuwa na neno. Lakini siku moja msafara wa Mfalme ukakatiza mtaa wao. Ngoma ikalia. Watu wakaanza kuinama kwa mazoea. Madaha alikuwa amesimama uani, machicha yamejaa mdomoni, na Mama Togwa amesimama kando yake.

"We mama! Magoti!" askari alibweka.

"Sheria inasema farasi akipiga. Mwanangu, amepiga?"

Askari akamtazama farasi. Farasi akajamba.

Fundi Viatu, aliyekuwa nusu ya safari kwenda chini, akarudi juu. Muuza maandazi naye akainuka. Halafu mtaa mzima. Mfalme akapita katikati ya watu waliosimama, akaona nyuso mahali alipozoea kuona visogo, na sura zetu hazikumpendeza hata kidogo.

"Futeni sheria!" aliamuru barazani, katikati ya chakula. "Andikeni kwamba wanapiga magoti kwa ajili yangu!"

Waziri wa Nderemo akajikuna shingo. "Mtukufu, tukiandika hivyo tutakuwa tumekiri kwamba muda wote huu walikuwa wanampigia farasi."

Kila mtu akaacha kutafuna.

"Basi atafutwe farasi mwingine."

"Sheria inamtaja Madaha kwa jina. Wewe mwenyewe ulilipenda jina."

Waziri wa Heshima akafuta mchuzi kidevuni. "Arudishwe. Auawe kwa taadhima, ngozi ijazwe pumba, miguu ikunjwe, asimamishwe uwanjani."

"Asimamishwe?"

"Apigishwe magoti, Mtukufu. Daima. Yeye akipiga magoti, raia wanapiga magoti. Na huyo hatainuka tena."

"Na raia je, watainuka lini?"

"Sheria haisemi."

Mfalme alicheka mpaka akapaliwa, wakampiga mgongoni.

Ndiyo maana asubuhi hii mkokoteni umetoka ikulu na magunia ya pumba na mchuna ngozi juu yake, na askari pembeni. Mama Togwa yuko langoni kwake. Amekwishamwambia mjumbe wao: "Mlimtangazia makazi ya upendo, haya ndiyo makazi. Hapiti mtu." Fundi Viatu amesimama ubavuni mwake na nyundo ndogo ya kushindilia misumari. Wako wawili. Nyuma yao mzee wa watu anakula kifungua kinywa chake, anatikisa masikio.

Uchochoro ule ni mwembamba. Watu wachache wakisimama bega kwa bega, mkokoteni haupenyi. Usiniulize nani mwingine anakwenda. Usiseme hukuwa unamfahamu farasi. Wanapokuja kuichuna ngozi yake wanayafuata na magoti yako wewe, na ya wanao. Ondoka hapo ulipo. Nenda kasimame na Mama Togwa. Kimbia, wameshafika kona.