Aiskrimu ya Adeni

Vita vilipokwisha na askari wakaondoka Likoni, kambi yao ndogo ilibaki haina mwenyewe, mpaka watu wa msikiti na watu wa kanisa walipokaa pamoja wakaiomba iwe nyumba ya wazee wasio na wa kuwatunza. Ndipo Mzee Hamdun alipohamia. Zamani alikuwa na duka la nguo. Mkewe alikufa, mwanawe wa pekee akalowea Unguja, na duka likaenda na maji. Alikuja na sanduku moja, kofia zake za vito, na ulimi wake. Ulimi huo ndio uliomponza.

Hapakuwa na jambo duniani asilopata kuliona. Mzee Nguma, mgema wa zamani kutoka bara ya Kilifi, akisimulia habari ya chatu, Hamdun alishaona mkubwa kuliko huyo kule Bombei. Bi Nyevu, mkazi mwenzao, alisema mtu akifa kisha akafufuka kuja kueleza ya huko, Hamdun atamwambia kuwa alikwisha kupita.

Aliyewaangalia wazee hao alikuwa Florence, binti wa Rabai, mpole lakini hana utulivu. Ilimchoma roho kuwaona wamekaa tu barazani kutwa, wanangoja chakula na usingizi. Aliwapa ukili wasuke mikeka. Wakagombana ni mkeka wa nani uliokwenda upande. Aliwapa kunde wazichambue, wakazitafuna mbichi. Basi siku moja, akisafisha ghala ya askari, akatoka na ndoo ya mbao yenye mkebe wa bati ndani na mkono wa chuma wa kuzungusha juu.

"Wazee wangu, hiki ni kitu gani?"

"Cha kukamulia tui," akasema Nguma.

"Cha kufulia soksi," akasema Bi Nyevu. "Wazungu hawapendi kugusa soksi zao."

Bi Hafswa, ambaye alikuwa hasikii vizuri, akasema ameshiba, ahsante.

Hamdun alijikohoza. "Hiyo ni mashine ya aiskrimu."

Na hapo alisema kweli tupu. Katika ujana wake meli aliyopanda ilitia nanga Adeni kupakia makaa, naye akasimama nje ya dirisha la hoteli akimtazama mpishi wa Kigoa akizungusha ndoo kama ile. Alimwona akichota chumvi kwa kitanga cha mkono na kuimwaga. Kisha alimwona nahodha akila kitu cheupe kwa kijiko kidogo, macho yamemlegea kama mtoto anyonyaye. Hamdun hakuwa na ruhusa ya kuingia. Akaenda zake akala tende.

"Wewe umeila?" akauliza Bi Nyevu.

Angesema hapana, mambo yangeishia hapo.

"Nimeila mpaka nikakinai," akasema Hamdun.

Florence akafurahi. "Basi baba, wewe ndiwe fundi wetu."

Alhamisi iliyofuata barafu ilivuka kwa feri kutoka kisiwani, imefungwa magunia na kufukiwa katika unga wa mbao. Wazee wakaizunguka. Bi Hafswa aliigusa akaurudisha mkono upesi, akasema inachoma, walete maji waizime. Florence alikuwa amechemsha maziwa, mayai na sukari yote aliyoweza kuipata, akatia na iliki, akaviacha vipoe. Wakavimimina mkebeni, wakavunja barafu wakaipanga pembeni ndani ya ndoo.

"Sasa chumvi," Hamdun akaamuru.

"Chumvi ya nini, baba?"

"Haifanywi bila chumvi, mwanangu. Hata mtoto wa Adeni anajua."

Florence akaleta bakuli zima la chumvi ya mawe, akauliza itiwe wapi. Hapo Hamdun akasita. Chumvi aliiona kwa macho yake, lakini ilipoangukia hakupaona. Kichwa cha nahodha kilimziba. Akafikiri haraka, na kama muuza duka aliyezoea kuwaridhisha wateja wawili kwa mara moja, akaigawa. Nusu akaimwaga kwenye barafu, nusu akaitia ndani ya maziwa.

Nguma, ambaye mikono yake ilipanda minazi maisha yake yote, akashika kuzungusha. Ndoo ikaanza kurukaruka sakafuni kama mbuzi aliyefungwa. Ikabidi apatikane mtu wa kuikalia, na aliyekuwa na mwili wa heshima kuliko wote ni Bi Hafswa. Wakamkunjia gunia, wakamketisha juu. Baada ya muda akasema kwa adabu kwamba upande wake wa chini umeaga dunia.

"Vumilia, Bi Hafswa," Hamdun akamwambia sikioni. "Yaja kuiva."

Ikaganda. Nyeupe, laini, inang'aa. Florence akagawa kwenye vikombe vya bati, na wote wakamngoja fundi aonje kwanza.

Hamdun akatia kijiko kinywani. Ilikuwa kama kumeza maji ya pwani yaliyotiwa iliki. Machozi yakamlengalenga. Alitaka kuitema, lakini macho yote yalikuwa yanamtazama yeye, na ya Bi Nyevu yalikuwa makali zaidi.

"Ndivyo ilivyo?" akauliza Bi Nyevu.

"Ndivyo hasa," Hamdun akajibu. "Hii ndiyo ya Adeni."

Basi wakala. Ni wazee wenye adabu, na binti wa watu amehangaika. Nguma akasema, "Kumbe wazungu nao wana tabu zao." Jioni hiyo mtungi wa maji ulikauka kabla ya magharibi.

Lakini waliipenda kazi yenyewe, wakaitaka tena. Alhamisi ikawa siku ya aiskrimu. Asubuhi walikuwa wameshaamka wanabishana nani avunje barafu, na Florence akashukuru Mungu. Nao ulimi hauna kabila, huzoea. Nguma akaanza kuila kwa muhogo wa kuchoma. Bi Nyevu aliichovyea samaki, akasema yaenda. Hamdun alikula ya kwake bila kukunja uso, kisha akaenda nyuma ya nyumba kusukutua.

Mwezi ukapita. Siku moja Florence alikwenda misheni, akakutana na mpishi wa huko, na katika mazungumzo akajua kwamba chumvi hukaa nje kwenye barafu, haiingii kamwe katika maziwa. Hakutaka kumwaibisha mzee mbele ya wenziwe. Alhamisi ilipofika alipika kama kawaida, na Hamdun alipogeuka kuiweka sawa kofia yake, Florence akaimwaga chumvi yote kwenye barafu.

Vikombe vikagawiwa. Nguma akaonja, akatazama muhogo wake, akaonja tena.

"Leo imeharibika. Haina chumvi."

"Imechacha," akasema Bi Nyevu, akakisukuma kikombe chake mbali. "Fundi, hebu onja wewe."

Hamdun akaonja. Akafumba macho. Utamu ulimshuka kooni polepole na baridi yake na iliki yake, na akajiona amesimama tena pale dirishani Adeni, ila safari hii yuko upande wa ndani. Alipofumbua macho walikuwa wanamngoja.

"Naam," akasema. "Imeharibika vibaya. Msiiguse, itawaumiza matumbo. Nipeni mimi nikaimwage."

Akavikusanya vikombe kwenye sinia, akaenda navyo nyuma ya jiko. Huko hakumwaga kitu. Alichuchumaa akaanza kula, kikombe baada ya kikombe, upesi upesi kama mwizi, mpaka baridi ikampanda utosini. Ikampiga kipigo ambacho hajapata kukiona hata Bombei. Akaangusha sinia, akashika kichwa kwa mikono miwili, akaketi chini puu.

Walimkuta hapo, ndevu zimetapakaa povu jeupe.

"Kala sumu," akasema Nguma kwa huzuni. "Kajitoa kwa ajili yetu."

"Ni baridi tu, itapita," akasema Florence, akimfuta uso kwa leso.

Bi Nyevu aliokota kikombe kilichosalia na chochote, akachovya kidole, akalamba. Safari hii hakuwa na samaki mkononi, na aliionja kwa makini. Akalamba tena. Kisha akainama mbele ya Hamdun.

"Hamdun. Adeni uliila lini?"

Hamdun alitaka kujibu kama desturi yake, lakini ulimi ulikuwa umekufa ganzi, haukumtii.

"Thijaila," akasema. "Nilichungulia dirithani."

Nguma akacheka mpaka akashika ukuta. Bi Hafswa akaomba aelezwe, akaelezwa sikioni kwa kelele, na alipoelewa akacheka kuliko wote, maana ndiye aliyekuwa ameumia zaidi.

"Mwezi mzima," akasema Bi Nyevu, "tumekunywa bahari kwa ajili ya adabu zetu."

"Nithameheni," akasema Hamdun, na kwa mara ya kwanza tangu aje Likoni hakuongeza neno.

Walimsamehe, ila walimvua ufundi. Alhamisi iliyofuata alipewa nyundo ya mbao avunje barafu, na kazi hiyo aliifanya kimya, kwa bidii ya mtu aliyetubu. Nguma aliomba ya kwake itiwe chumvi kidogo, maana bila chumvi muhogo hauendi. Wengine wote wakataka tamu, na Bi Nyevu akataka mara mbili.

Wakati wanakula, kipande cha barafu kilichokuwa kimenasa kwenye ukosi wa kanzu ya Hamdun kikateleza kikamshuka mgongoni. Akasimama wima. Akainua bega la kulia, akainua la kushoto, akazunguka, akapiga mguu chini, kikombe mkononi asikiache. Bi Hafswa alimtazama, akaweka kijiko chake chini, akaanza kumpigia makofi ya chakacha. Nguma naye akaitikia kwa kugonga ndoo.

Barafu ilikuwa imeshayeyuka zamani, na Hamdun bado anacheza.