Koti Lililorudi Peke Yake

Kazi ya Debra Adongo ilikuwa kusoma hasira za watu. Kila asubuhi saa mbili alipanda ngazi hadi orofa ya tatu ya jengo moja la Milimani, Kisumu, akawasha kompyuta, akazikuta zinamsubiri zimejipanga foleni kama wagonjwa wa zahanati. Nyingine zilitoka Poland, nyingine Brazili, nyingine Korea, na zote zilihusu gemu moja.

Gemu yenyewe ilikuwa na jina refu la Kizungu ambalo pale ofisini hakuna aliyejisumbua kulitamka. Waliiita Kisiwa tu. Ilitengenezwa na watu elfu mbili kwa miaka saba, huko ng'ambo, na ulimwengu wake ulikuwa mpana hivi kwamba mchezaji angeweza kupanda farasi tangu asubuhi hadi jua kuzama asifike ukingoni. Ilikuwa na milima, masoko, vita, na mvua inayolowesha nguo kweli. Ilikuwa pia na ziwa, na ziwa ndilo lililoleta balaa.

Katika Kisiwa mchezaji hasafiri peke yake. Anapewa mwenzake, jamaa mcheshi aitwaye Beno, anayebeba mizigo, anayepika, na anayeimba vibaya njia nzima. Watu walimpenda Beno kuliko walivyowapenda binamu zao. Lakini Beno akiangukia ziwani penye kina, sekunde ishirini tu, hayupo tena. Hazami, haelei, hafi. Anaondolewa. Waliounda gemu walikuwa wamebanwa na wakati, na mashine za zamani hazikuweza kubeba mawimbi mazuri na miili ya watu kwa pamoja, basi wakubwa wakakaa kikao wakachagua mawimbi. Mawimbi yalikuwa yameshatangazwa.

Baada ya hapo jina la Beno huandikwa "hajulikani alipo", na kila jioni kambini wenzake wanaendelea kumwekea sahani yake, kwa kuwa hakuna fundi aliyekumbuka kuiondoa. Wachezaji walipandwa na wazimu. Waliandika kwa matusi, waliandika kwa kubembeleza, na mmoja aliandika kwa mashairi. Kampuni ilikuwa na jibu moja, na Debra alilijua kwa moyo: "Asante kwa kutuandikia. Hili si kosa. Mchezo umeundwa hivyo."

Alilituma mara sitini kwa siku. Kila mara alilisoma upya kwanza, kwa sababu yeye naye alikuwa na ziwa lake.

Opiyo alikuwa pacha wake. Alimtangulia kuzaliwa kwa dakika kumi na moja, na tangu siku hiyo akashika desturi ya kutangulia: kutembea, kung'oka meno, kufukuzwa shule. Alikuwa akifanya kazi Asembo Bay, kwenye vizimba vya samaki vinavyoelea mbali na ufuko, ambako samaki hupelekewa chakula kwa boti. Agosti iliyopita upepo uliamka ghafla ukaipindua boti na watu watatu ndani. Mmoja alishikilia mtungi wa plastiki akapona. Wa pili alipatikana siku ya tatu. Siku ya tano koti la mvua la Opiyo, lile la manjano, lilikuja ufukweni peke yake.

Koti hilo ndilo lililomponza Debra, maana lilikuja na vifungo vyote sita vimefunguliwa. Havikung'oka, vilifunguliwa. Mtu aliyepata nafasi ya kufungua vifungo sita, Debra alisema, amepata nafasi ya kuogelea. Huenda alitokea upande wa pili, huenda amelazwa mahali bila fahamu, huenda amesahau jina lake. Watu wa nyumbani walimsikiliza kwa huruma, na huruma yao ilimkera kuliko matusi ya wachezaji. Kila Jumapili alitembea ufuko mmoja baada ya mwingine, tangu Asembo Bay hadi Usenge, akionyesha picha ya kaka yake kwa watu wanaoparua samaki.

Na mama yao, Seline, alikuwa akimsubiri yeye. Kwa Wajaluo, ziwa likikataa kumrudisha mtu, familia haikai hivyo hivyo milele. Hutafutwa yago, lile tunda refu na zito lisiloliwa, likalazwa ndani ya jeneza mahali pa mwili. Watu wakalia, wakafukia, na msiba ukapata mwisho. Lakini wazee wa ukoo walisema nyumba lazima iwe na kauli moja, na pacha ndiye wa kwanza kuulizwa. Debra aliulizwa mara tatu, na mara tatu akakataa.

"Adongo nyara," mama yake alimwambia kwa simu, akimwita kama siku zote "binti yangu" kwa Kijaluo, "yago ya kwanza imeoza. Hii ya pili pia imeanza kuwa nyeusi."

"Basi tupa, Mama."

"Nikitupa nitaenda kutoa ingine, mti bado iko. Lakini mimi nitangoja mpaka lini? Mlango yangu sijafunga tangu Agosti. Wamekuja wakaiba redio. Wakaona hakuna mtu anauliza, wakarudi wakachukua kuku."

"Funga mlango, Mama!"

"Nifunge aje na mtoto hajaingia?"

Debra alikata simu akajifanya mtandao umepotea. Aliona aibu siku nzima, ila hakupiga tena.

Wiki hiyo hiyo ikaja tiketi, ndivyo walivyoyaita malalamiko pale ofisini, ya mtu mmoja wa Finland, mwenye jina la herufi nyingi. Hakutukana. Alieleza kwamba Beno wake aliangukia ziwani walipokuwa wanawakimbia majambazi, na kwamba yeye amekuwa akimtafuta kwa siku arobaini na moja, kila siku baada ya kazi. Alikuwa amechora ramani ya ziwa lote, akaligawa miraba midogo, na kila mraba aliopiga mbizi akaupaka rangi nyekundu. Aliambatisha ramani hiyo.

Debra aliifungua, akaisogelea skrini. Kwenye droo yake nyumbani, mtaa wa Migosi, kulikuwa na ramani kama hiyo, imechorwa kwa kalamu nyekundu Jumapili baada ya Jumapili. Mwisho wa barua mtu yule aliandika: "Siombi mnirudishie. Niambieni tu kama yupo au hayupo, nijue la kufanya."

Jibu la kampuni lilikuwa pale, linangoja kubofywa. Debra akalitazama weee, asiweze. Badala yake akafungua ukurasa mwingine akawaandikia wakubwa wa ng'ambo, kwa lugha kavu ya kazi. Mwili hauwezi kurudishwa, mawimbi ni mazito mno, sawa. Lakini kitu kimoja kidogo hakina uzito. Siku ya tano baada ya Beno kupotea, kofia yake iletwe na maji kwenye ufuko ulio karibu. Mchezaji akiiokota, aruhusiwe kuifunga kwenye gogo la mti, achimbe, azike. Akishazika, jina liandikwe "amelala", na ile sahani iondolewe.

Kabla ya kutumwa ilibidi ipite kwa msimamizi wake, Wakhisi, mtu wa Bungoma, mpole, mwenye tumbo na mwenye kupenda chai. Alisoma mara moja. Akasoma tena. Akaja na kiti chake akakaa kando ya meza ya Debra.

"Debra, hii kitu umetoa wapi?"

"Sijatoa mahali. Nimefikiria tu. Haili memori ya mashine."

"Haili, ndiyo." Wakhisi akazungusha kikombe chake. "Sisi kwetu ni mgomba. Mjomba wangu alipotelea vitani, tukazika mgomba. Nyinyi ni nini?"

Debra alimtazama kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Naapa hakuwa ameliona jambo hilo hadi wakati huo. Mkono wake ulikuwa umeandika kile ambacho mdomo wake ulikikataa miezi yote hiyo.

"Ile ni gemu, bosi," alisema kwa ukali. "Beno si mtu."

"Sawa," alisema Wakhisi. "Mos." Lilikuwa neno la Kijaluo la kumpa mtu pole, na alilitamka vibaya. Kisha akarudisha kiti chake mahali pake, na ombi akalituma.

Ng'ambo walilipenda, si kwa sababu ya huzuni yake, bali kwa kuwa lilikuwa rahisi kutengeneza. Baada ya wiki sita kofia ya Beno ilianza kuletwa na mawimbi kote duniani. Na walalamikaji, wamebarikiwa hao, hawakukosa la kusema. Kofia tu? Mwili uko wapi? Kwa nini koleo ni zito? Debra alikuwa anawajibu mmoja mmoja alipokutana na jina lile la herufi nyingi.

Safari hii barua ilikuwa fupi. "Nimezika leo. Nililia kidogo, mke wangu akanicheka, kisha naye akalia. Ramani nimeichoma. Kesho naendelea na safari. Asante, yeyote aliyewaza hili."

Debra aliisoma akiwa wima, hakujua alisimama saa ngapi. Kilio kilimtoka pale pale mbele ya wafanyakazi wenzake, kilio kile cha nyumbani alichokizuia tangu Agosti, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Alimlilia Opiyo. Alijililia mwenyewe kwa kuwa mtu baki wa Finland alipata kwake ruhusa ya kuzika kabla ya mama yake mzazi. Alipopata sauti alipiga simu Asembo.

"Mama, ile yago ya pili iko?"

"Imeoza, nyara."

"Toa ya tatu. Nakuja Ijumaa."

Mama Seline akasema "Asante," kama mtu anayemshukuru mgeni.

Jumamosi asubuhi yago ililala juu ya mkeka katikati ya nyumba, ndefu, ya rangi ya vumbi, ingali na utomvu mahali ilipokatwa. Jeneza lilikuwa tayari nje. Debra alitoa koti la manjano kwenye mkoba, akapiga magoti, akalivika tunda lile kama anavyovikwa mtoto mchanga asiyetaka kuvikwa. Lilikuwa kubwa mno. Akaanza kufunga vifungo. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, kila kimoja akikishika kwa vidole viwili, akijua fika anafunga nini. Cha sita kilimshinda. Mama yake aliinama kando yake, akakifunga.

Walimzika upande wa kushoto wa lango, mahali pa mtoto wa kiume ambaye hajajenga. Kwaya ya kanisa iliimba, wale wa vizimbani walikuja na magwanda yao ya kazi, na aliyepona kwa mtungi wa plastiki alisimama mbali na kaburi, haangalii mtu usoni.

Jioni watu walipotawanyika, wakabaki wawili ndani. Debra alikuwa akikusanya vikombe alipomwona mama yake amesimama mlangoni, hatoki wala haingii. Alikuwa akitazama njia inayoshuka ziwani, mkono juu ya komeo.

"Adongo," aliita bila kugeuka. "Nifunge?"

Debra aliweka vikombe chini. Alitaka kusema angoje kidogo, hata dakika kumi na moja tu.

"Funga, Mama."

Komeo lilikuwa limeshika kutu kwa kukaa wazi karibu mwaka mzima. Ilibidi walisukume wote wawili.