Mpaka Katikati ya Sinia

Mwaka ule wa kungoja Uhuru, kijiji chetu kizima cha Munje kiligeuka mawakili. Ukienda kisimani, katiba mpya. Ukienda matangani, katiba mpya. Kaka yangu Chande alitaka majimbo, Pwani ijitawale yenyewe. Jirani yetu Mzee Boga alitaka serikali moja, ya Nairobi. Mimi Mwanatumu nilitaka jambo moja tu: binti yangu Biasha aolewe Ijumaa na Mwero, mtoto wa huyo huyo Boga.

Baba yake Biasha ni marehemu, na kwetu Wadigo mjomba akikataa, arusi hakuna. Jumatano Chande akakataa. Alisema hampeleki mpwa wake katika nyumba inayotaka tuamrishwe na watu wasioijua hata bahari. Boga naye akajibu kwamba mwanawe hakosi mke. Nilitamani kuwapiga mwiko wote wawili! Mtoto yuko ndani siku ya sita, amesingwa liwa ya msandali mpaka anang'aa, haonwi na mwanamume yeyote hadi siku yake. Mchele umechaguliwa, mbuzi amechinjwa, halafu watu wazima na ndevu zao wananiletea katiba.

Alhamisi mchana nikawaita. Nikawapakulia pilau sinia moja, nyama katikati, nikidhani kinywa kilichojaa hakigombi. Nilijidanganya. Chande akachora mstari kwenye pilau kwa kidole, akasema upande huu ni jimbo lake. Boga akauliza, na nyama je, ni ya nani? Kwa desturi nyama huchanwa na mkubwa wa sinia, akawagawia wenziwe, na pale hakuna aliyekubali kuwa mdogo. Wakakaa vivyo hivyo, wamekwisha nawa, pilau inapoa. Wallahi nililia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira.

Ndipo mlango wa ndani ukafunguka. Biasha akatoka, uso wazi, liwa mashavuni, akaja akaketi baina yao.

Wazee waliruka pamoja.

"Rudi ndani!" wakasema kwa sauti moja. "Mwali haonekani!"

Biasha hakuinuka. Aliwaamkia shikamoo, mmoja baada ya mwingine, kisha akamgeukia mjomba wake.

"Mwali wa arusi gani, mjomba? Kama haipo, nipeni ndoo nikateke maji."

Boga akaanza kucheka, akacheka mpaka kofia ikamwanguka, nami nikajikuta nacheka na machozi yangu. Chande akachana pande kubwa la nyama, akalivusha mstari, akaliweka mbele ya Boga. Akamwambia ale, lakini Pwani itajitawala. Boga akapiga bismillahi, akatafuna, akasema serikali ni moja tu.

"Na wewe rudi ndani," Chande akamwambia Biasha, taratibu. "Watu watakuona kesho."