Kurasa Mbili Tupu

"Mama muweke dirishani," Pipi alisema, akaziweka pasipoti mbili juu ya meza ya dada yake, moja mpya inayonukia gundi na moja iliyochakaa pembe zote. "Mimi popote pale. Madirisha nimeshayachoka."

Dada yake aliivaa miwani na kuivua tena. Alikuwa na miaka ishirini na moja katika ofisi ile ya tiketi, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa, na hakuna mteja aliyewahi kumwambia kwamba ameyachoka madirisha ya ndege. Yeye mwenyewe aliyajua kwa picha tu.

Wateja walimwita Mama Ramani. Mtoto hakuwa naye, lakini nyuma ya kiti chake palikuwa na ramani ya dunia iliyojaa ukuta mzima, na aliweza kumwambia mtu bila kugeuka kwamba akishuka uwanja fulani asikimbilie lifti, apite kushoto, kuna ngazi na hakuna foleni. Watu wakidhani kote huko amefika. "Kinyozi hajinyoi," wenzake walimtania, naye alicheka nao. Nyumbani, chini ya shuka zilizokunjwa kabatini, alikuwa na pasipoti yake, ya tatu sasa. Mbili za mwanzo zilikwisha muda bila kuonja muhuri. Kila moja ilipokufa alikwenda kuchukua nyingine, kama mtu anayefagia chumba cha mgeni ambaye haji.

"Kwa hiyo ni kusini," alisema.

"Kusini, Dada. Johannesburg usiku mmoja, halafu Maun, halafu ile kambi ya kwenye maji ambako tembo wanapita mlangoni. Tumalizie kwenye maporomoko. Siku nane. Mama anataka maporomoko, si unamjua."

Alimjua. Mwaka wa kwanza wa kazi alileta nyumbani kalenda ya ofisi yenye picha ya maporomoko yale, maji yanatoka moshi, akaipigilia sebuleni na kumwambia mama yake, "Hapa nitakupeleka mimi." Mwaka ulikwisha, mama akakataa kalenda isitolewe. Ilikuwa pale mpaka leo, tarehe zote zimepitwa. Na sasa aliyekuwa anampeleka ni Pipi, kitinda mimba, mkalimani wa mikutano mikubwa, anayekuja nyumbani mara mbili kwa mwaka na mabegi mawili ya zawadi, akasifiwa wiki nzima. Anayemwogesha mama na kumhesabia vidonge alikuwa mwingine. Hilo nalo nani alisifie, ni kazi ya kila siku.

Wivu ulimpanda Mama Ramani. Alifanya alilozoea kufanya mikono ikitafuta kazi: alifungua pasipoti.

Ya mama ilikuwa safi. Ya Pipi ilikuwa soko. Mihuri ya bluu, mihuri ya kijani, viza zilizobandikwa juu ya viza. Alizipekua kurasa kwa kidole kilicholowa mate, akafika mwisho, akarudi. Ukurasa mmoja tu ulibaki mweupe. Uliokuwa jirani yake, afisa mmoja mkarimu wa wino alikuwa ameupiga muhuri katikati kabisa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa mtupu pia, na mtu wa kawaida angeuhesabu na kusema zipo mbili. Mama Ramani hakuwa mtu wa kawaida. Ule wa mwisho ni wa maelezo ya serikali, hauhesabiki. Kule waendako wanataka kurasa mbili tupu, na asiye nazo hangoji kufika kule arudishwe. Mtu wa kaunta humrudisha hapa hapa, na mabegi yake.

Viza hawakuhitaji, kwa hiyo hapakuwa na ubalozi wa kuligundua jambo hilo. Alikuwa nalo peke yake.

"Mbona kimya, Dada?"

"Nahesabu siku." Zilikuwa ishirini na sita. Muda ulikuwa tele. Alifumba pasipoti ile na kumrudishia mwenyewe. "Kila kitu sawa," alisema.

Maneno yalimtoka laini, kama anavyowaambia wateja.

Na hapo ndipo ajabu ya binadamu. Yote mengine aliyatenda kama anayetafuta thawabu. Alimpeleka mama kwa daktari, akapimwa kwanza kwa sababu ya umri, ndipo akachomwa chanjo ya homa ya manjano siku kumi na sita kabla ya safari, maana ikichomwa chini ya siku kumi ni sawa na hukuchomwa. Alishona begi la turubai lisilo na magurudumu, kwa kuwa vile vindege vya kambini havipokei begi gumu. Alimchagulia mama kiti upande ambao asubuhi jua halimpigi machoni. Alimwandikia dawa zake zote kwenye karatasi, na kuigongesha muhuri wa daktari.

Lakini kila jioni akiosha vyombo alimwona Pipi akilini, amesimama kaunta ya uwanja wa ndege. Mtu wa kaunta anapekua, anarudia kupekua, anasema samahani. Pipi anatoa Kiingereza chake, anatoa Kifaransa chake, hakuna kinachomsaidia. Ile sura ya Pipi, inayopenda kuchoka madirisha, inaanza kushuka. Mama Ramani alisuuza kikombe kimoja mara tatu akiwa anaitazama sura ile, na moyo wake ulifurahi, tusimfiche. Halafu alijichukia, akaenda kulala, na kesho yake hakupiga simu.

Wiki ilipita, na nyingine ikaanza kukatika. Pasipoti mpya kwa njia ya kawaida ilihitaji wiki mbili. Njia hiyo ikafungwa. Ikabaki ile ya haraka, siku nne za kazi.

Jumamosi, siku nane kabla, mama aliamka akisema haendi.

"Naogopa," alisema akiwa bado kitandani. "Mtu wa miaka sabini na moja, ananing'inia hewani kwenye bati, anatafuta nini?"

"Anatafuta maporomoko," Mama Ramani alimwambia. "Amka, nikufundishe."

Alivuta viti vitatu vya mezani akavipanga safu moja, cha mwanzo kikigusa dirisha la sebule. Akamleta mama, akamkalisha dirishani. Kwenye msumari nyuma ya mlango kulikuwa na mkanda wa marehemu baba. Akaupitisha nyuma ya kiti na kuufunga juu ya mapaja ya mama.

"Hiki ni kiti chako, kumi na nne A. Mkanda unakazwa hivi, usicheze. Sasa inaanza kutembea. Bado chini, usijali, inatafuta barabara yake. Hapa inasimama. Hapa inanguruma. Utasukumwa mgongo kidogo, kama mtu amekukumbatia kwa nyuma. Masikio yakiziba, meza mate."

Mama alimeza mate. Alishika kingo za kiti kwa mikono miwili na kutazama nje, kwenye kamba ya nguo za jirani.

"Tumepaa?"

"Tumepaa."

"Sikusikia kitu," mama alisema, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Wewe umeyajuaje yote haya?"

"Ndiyo kazi yangu, Mama."

Mama akatulia, akazoea anga. Aligonga kiti cha pili kwa kiganja. "Hapa Pipi." Kisha akainama mkanda ukimbana, akatupa mkoba wake juu ya kiti cha tatu. "Na hapa wewe. Nimekuwekea, asije mtu akapakalia."

Mama Ramani alibaki amesimama.

"Mama, mimi siendi."

"Huendi wapi?"

"Huko. Mnakwenda wawili, wewe na Pipi."

Mama alimgeukia, mkanda umefungwa vilevile. "Acha mzaha. Chanjo umehangaika wewe, begi umeshona wewe. Mtu anahangaikia hivi safari isiyo yake?"

"Ndiyo kazi yangu," alirudia.

"Nimewaambia watu nasafiri na wanangu wawili." Mama aliinua macho kwenye kalenda, akayashusha. "Aliyeniahidi ni wewe."

Nje jirani alianza kuanua nguo.

"Haya basi," mama alisema hatimaye, taratibu. "Pipi atanishika mkono. Asipokuwepo yeye mimi pale uwanjani nitasimama tu kama mzigo. Hata mlango wenyewe siujui."

Kwa siku kumi na nane Mama Ramani alikuwa ameitazama kaunta ile, na kwa siku kumi na nane kaunta ile ilikuwa na Pipi peke yake. Sasa akamwona mwingine. Nyuma ya Pipi kidogo, amevaa viatu vipya, amekumbatia begi la turubai, anatazama watu wanavyopita, akingoja kuambiwa mlango ni upi.

Alimfungua mama mkanda. Akaingia jikoni na simu.

"Jumatatu saa moja na nusu asubuhi," alimwambia mdogo wake. "Ofisi ya pasipoti. Njoo na ya zamani, na picha mbili."

"Kuna nini, Dada?"

"Njoo tu."

Foleni ilikuwa imeshazunguka ukuta walipokutana. Mama Ramani aliifungua pasipoti, akamwonyesha ukurasa mweupe, ukurasa wenye muhuri katikati, na ule wa mwisho usiohesabiki. Akamweleza kwa sauti ya ofisini. Pipi alisikiliza akitikisa kichwa, kama anayetafsiri.

"Tunawahi?"

"Leo tukiingiza, Ijumaa inatoka. Jumapili mnaruka."

"Afadhali umeliona." Pipi akapumua. "Umeliona lini?"

Angeweza kusema juzi. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Siku ulipoileta."

Foleni ilisogea hatua moja. Wao hawakusogea, na mwanamume wa nyuma akakohoa.

"Siku ishirini zilizopita," Pipi alisema.

"Ndiyo."

"Ukaniambia kila kitu sawa. Kwa nini, Dada?"

"Kwa wivu."

Alilisema hivyo, bila kulivalisha nguo. Pipi alimtazama, na pale mtaani, kwa saa ile, umri wake wote ulionekana usoni.

"Ungeniacha nifike kaunta na mama?"

"Mama sikuwa namwona. Nilikuwa nakuona wewe tu."

Pipi aliufunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga. "Unajua nikimpigia mama simu ananiambia nini? Dada yako kanipikia, dada yako kanipaka dawa, ngoja nimuulize dada yako. Nikimletea kitu anasema akupe wewe umtunzie. Nikasema siku nane tu. Siku nane awe wangu, jina lako lisitajwe."

"Ndiyo maana hukuniambia twende wote."

"Ndiyo maana."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema mfanye nini mkishagundua kwamba mmevaa nguo moja. Foleni ilisogea tena. Safari hii walisogea nayo.

Dirishani walipewa fomu. Kwa mazoea tu, Mama Ramani aliivuta kwake na kutoa kalamu, na Pipi akamwachia. Jina la mama mzazi, hakuuliza. Tarehe ya kuzaliwa, hakuuliza pia, siku ile alikuwepo, alikuwa na miaka kumi na alitumwa kwenda kumwita mkunga. Akafika mahali palipoandikwa *Sababu ya kuomba pasipoti mpya*. Kalamu ilisimama. Kisha akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa ofisini: *Kurasa zimejaa.*

Akaisukuma fomu kwa Pipi aweke sahihi.

Ijumaa saa tisa pasipoti ilitoka. Jumapili asubuhi walifika uwanjani mapema kuliko wafanyakazi. Mama Ramani aliwafikisha mpaka kwenye kamba ambapo asiye na tiketi hapiti, akampa Pipi karatasi ya dawa.

"Cha asubuhi ni baada ya kula. Atakudanganya kwamba ameshakula."

"Najua, Dada," Pipi alisema, kisha akajirekebisha. "Sijui. Ngoja niisome."

Walikumbatiana, si kwa nguvu, kama watu wanaojaribu kiatu kipya. Mama alikuwa ameshageukia kaunta. Alirudi hatua mbili kwa ajili ya jambo moja.

"Masikio yakiziba, nameza mate," alisema.

"Unameza mate."

Aliwaona wakipokelewa pasipoti. Mtu wa kaunta alipekua kurasa mpya, nyeupe zote, akazifumba, akawaonyesha mlango kwa mkono. Pipi alimshika mama kiwiko.

Nyumbani viti vilikuwa bado vimepangwa safu moja. Wiki nzima mama alikataa visirudishwe mezani, alivikalia kila asubuhi kufanya mazoezi. Mama Ramani alivua viatu. Alianza kukiinua kile cha dirishani, akakiacha. Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika kumi na tano. Ndege ilikuwa ya saa nne na ishirini.

Alikaa kwenye kiti cha tatu. Akauchukua mkanda wa baba, akaupitisha nyuma, akaufunga juu ya mapaja, akaukaza kama alivyofundisha. Mikono akaiweka magotini. Dirishani kamba ya jirani ilikuwa tupu, na kwenye kile kiti cha katikati alikuwa ameiweka pasipoti yake, ambayo hakukumbuka aliitoa kabatini saa ngapi.